Nilipokwenda Kumtunza Mwimbaji

Kabla sijafika Dubai nilidhani opera ni kelele za watu wanene. Mimi nimekulia kwenye taarabu. Nimeitikia miaka mingi katika kikundi cha mtaani kwetu Unguja, nyuma kabisa, kwenye mstari wa wanawake wenye sauti za kujazia, na mtu aliyeitikia nyuma hujiona anajua kuimba kuliko aliye mbele. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwenye simu kwamba siku hizi anasikiliza opera, nilimuuliza kama anaumwa.

Nilimfuata kwa viza ya matembezi, nikakaa naye Rashidiya, kwenye chumba alichopanga katika nyumba ya watu wengi. Yeye yuko mapokezi kwenye hoteli moja kule Marina, na meneja wake, madam mmoja anayeipenda opera kupita kiasi, ndiye aliyemwambukiza. Jioni akirudi kazini alikuwa ananiwekea waimbaji wake kwenye simu, mmoja baada ya mwengine, nami nahukumu. Kipenzi chake alikuwa mwanamke aliyekufa zamani, amerekodiwa na mikwaruzo mingi kama vitunguu vinavyokaangwa, lakini sauti ikipanda mpaka unashika kifua. Nilimpa haki yake ila sikumpenda. Wangu alikuwa mwenye sauti nzito, sauti iliyokula chumvi, anayeimba kama mtu anayekwambia jambo jikoni huku akimenya viazi. Binti yangu akasema wenye sauti za namna ile kwenye opera hupewa nafasi za wachawi na mama wakwe. Nikamwambia basi hao ndio watu wangu.

Alinipa na historia. Kwamba zamani huko Italia watu walikula na kucheza karata ndani ya jumba la opera huku nyimbo zinaendelea. Mwimbaji akiwakuna walipiga makelele mpaka arudie, akiwaudhi walimzomea, na wengine walilipwa hasa wakae pale wapige makofi. Maua yalitupwa jukwaani. Nilifurahi kusikia hayo, nikasema kumbe ni watu kama sisi. Akasema, "Hiyo zamani, mama, siku hizi hawafanyi." Nilimsikia vizuri tu. Lakini mtu wa umri wangu akiambiwa zamani, huhesabu ni juzi.

Kwa asiyejua, kwetu mwimbaji akifika kwenye ubeti unaokugusa, unainuka. Hukimbii. Unakwenda pole pole ukicheza mabega, noti umeinyanyua ionekane, unamfikia, unampa mkononi, unarudi kwa mwendo ule ule, naye haachi kuimba. Huko ndiko kutunza. Mwimbaji asiyetunzwa hurudi nyumbani akijua kwamba ameimbia ukuta. Sijaona ustaarabu unaoshinda huo, na hata leo, pamoja na yote yaliyonipata, sijabadili mawazo.

Ikaja opera, alasiri ya Jumamosi, na mwanamke mmoja mwenye sifa kubwa ndiye aliyekuwa anaimba. Hoteli ilipata viti kadhaa, na madam akamchagua binti yangu akae naye mstari mmoja. Binti yangu akaninunulia tiketi yangu mwenyewe, kiti cha nyuma yao mbali kidogo, pembeni mwa njia. Alinieleza kwamba madam anafikiria kumfanya msimamizi wa zamu, kwa hiyo siku ile haikuwa ya mchezo. "Wakati wa mapumziko nitakutambulisha kwake, mama," aliniambia.

Neno hilo lilinikaa. Tangu nifike alikuwa ananitembeza Al Rigga, tunaangalia maduka, tunakula, tunacheka, lakini Marina hakunipeleka hata siku moja. Nilijiambia ni kwa sababu ni mbali. Moyoni nilikuwa najiuliza kama mwanangu ananionea haya. Sasa nikaona kumbe siyo, kumbe ananitambulisha. Nikavaa gauni langu la harusini na mtandio wake, nikajizoeza salamu za Kiingereza mbele ya kioo, na nikajiapiza kwamba sitamtia aibu.

Pazia likafunguliwa. Nilikuwa nimezoea mwimbaji na maikrofoni, na hapa mtu anaimba kwa koo lake tupu, wapiga fidla wote wale chini yake, na bado anakufikia ulipo. Nikamheshimu kabla sijamwelewa. Halafu akabaki peke yake jukwaani. Ameachwa, hilo halihitaji kujua Kitaliano. Alikuwa amepiga magoti akiimba mbele ya mlango uliofungwa, na akafika mahali akaiteremsha sauti mpaka ikawa ndogo kabisa. Mimi nami niliwahi kuachwa mbele ya mlango, mwili wote ukanisisimka. Nikatazama kulia na kushoto. Watu wamekaa kama wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Hakuna aliyeinuka. Niliwachukia wote. Nikasema huyu mwanamke hatarudi kwake leo akidhani ameimbia ukuta, nikatoa noti ya dirhamu hamsini kwenye mkoba, nikainuka.

Nilishuka ile njia kama inavyotakiwa, mabega yanacheza, noti iko juu. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniunguza nikikumbuka. Nilipita mstari wa kina madam bila kugeuka, kwa sababu anayetunza hatazami watu. Nikafika mbele, nikakuta shimo. Wapiga ala wote wako ndani ya shimo, na mwimbaji yuko ng'ambo, juu, hafikiki. Kwetu hakuna shimo baina ya mtu na mwimbaji. Nikasimama pale ukingoni na noti yangu. Mpiga fidla mmoja akainua macho akanitazama bila kuacha kupiga, na nyuma yangu nikasikia kicheko kidogo, kisha kingine. Hapo ndipo nilipojiona. Niliuona mtandio wangu unavyometa, nikauona na mkono wangu uliokuwa bado juu.

Mhudumu wa ukumbi alikuja akanishika kiwiko kwa upole. Alinisemesha Kiingereza kwanza, halafu akanitazama vizuri akahamia Kiswahili, cha Kenya. Akaniambia pole, mama, tukae huku nje kidogo. Nilipanda ile njia tena pamoja naye, na safari hii niliwaona watu wote. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa anasoma karatasi ya maelezo gizani.

Mapumziko yalipofika watu wakatoka ukumbini, nami niko kwenye benchi karibu na mlango, mhudumu amesimama kando yangu na mkubwa wake. Hawakuwa wakali. Walitaka tu kujua kama kuna mtu wa kunichukua. Nikamwona binti yangu anakuja na madam na wenzake, glasi ya juisi mkononi. Madam akasimama. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mgonjwa, akamuuliza mhudumu jambo kwa Kiingereza. Nilielewa. Alikuwa anauliza kama bibi huyu amekuja na mtu.

"Mama, uko na nani hapa?" mhudumu akaniuliza.

Binti yangu alikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika. Uso wake ulikuwa umekauka. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, najua uso wake ukiwa unaomba.

"Niko peke yangu," nikasema.

Mhudumu akatafsiri. Madam akatikisa kichwa, akasema maskini, au neno kama hilo. Nikasubiri kidogo. Binti yangu alikuwa anaitazama juisi yake. Halafu madam akamshika bega wakaondoka kwenda kusalimiana na watu wengine, na nilimsikia binti yangu akicheka kwa jambo aliloambiwa.

Wale wahudumu waliniambia ninaweza kurudi ndani kwa sehemu ya pili, mradi nikae kitini. Nikakataa. Nilibaki pale kwenye benchi nikimsikiliza yule mwanamke kupitia mlango, sauti imekuwa ndogo kama inatoka nyumba ya jirani. Aliimba vizuri zaidi ya mwanzo. Mwisho walimpigia makofi muda mrefu mno, wakapiga na vigelegele vya kwao, na mimi aibu ikanipanda upya, kwa sababu kumbe walikuwa wamemsikia muda wote. Si wao waliokuwa hawajui. Mimi ndiye niliyewahukumu kwamba hawana moyo kwa kuwa hawakuinuka.

Binti yangu alikuja baada ya kuwaaga wenzake wote. Tulitembea mpaka kwenye metro, tukapanda behewa la wanawake, tukapata viti. Nilijitayarisha kugombezwa. Nilikuwa nimepanga majibu yangu njia nzima, na mengine yalikuwa makali, maana mimi nikiona haya huwa mkali. Ningemwambia mwacha mila ni mtumwa. Ningemkumbusha ni nani aliyenisimulia habari za maua na makelele. Stesheni zikapita, hakunigombeza. Tulipokaribia Rashidiya akauchukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, akaegemeza kichwa begani kwangu kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Ahsante, mama," akasema. "Kwa vile ulivyomjibu yule kaka."

Nikamwambia si kitu, mwanangu. Sikumwambia kwamba nilipojibu vile, nilikuwa na hakika atanikatiza aseme, hapana, huyu ni mama yangu.