Nyumba ya Makomeo Manne

Mtaa mzima ulimwita Makomeo, wala hakuna aliyemwonea. Fundi kufuli huyu alijitengenezea mlango wa chuma wenye makomeo manne, mawili ya nje na mawili ya ndani. Jumapili alisimama kanisani kushuhudia kwamba Bwana pekee ndiye ngome yake, huku mzigo wa funguo ukiivuta suruali yake upande mmoja. Mkewe aliinamisha uso ili asionekane akicheka.

Kila asubuhi fundi alifunga makomeo ya nje, kisha akasubiri kibarazani mpaka asikie mkewe amefunga ya ndani.

"Mume wangu, kwani humu tuna nini?"

"Cherehani."

"Ile mbovu?"

"Mwizi atajuaje kama ni mbovu?"

Siku moja jirani yao, muuza mkaa, alimfuata kazini akihema. Mke wa fundi alikuwa amebanwa na pumu. Majirani walimwona kupitia nondo za dirisha, ameanguka kabla ya kuufikia mlango. Fundi alitoka mbio. Ya nje aliyafungua mara moja. Ya ndani aliyatengeneza yasifunguliwe kwa nje kwa hila yoyote, na bahati mbaya alikuwa fundi hodari. Alijaribu kwa bisibisi, ikamponyoka.

"Mungu wangu, nimemfungia," alisema. Maombi yake yote ya kanisani hayakuwahi kuwa mafupi hivyo.

Jirani alikuwa ameshaleta nyundo. Walibomoa ukuta, mlango ukaanguka na fremu yake.

Kwenye zahanati, mkewe alipoanza kuvuta pumzi vizuri, fundi alikumbuka kwamba nyumba iko wazi. Akainuka. Akaketi. Akainuka tena, akafika hadi mlangoni, akarudi. Mkewe alikuwa akimtazama tu.

"Mlango umeufunga?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Uko chini."

"Basi leo hata Mungu ataweza kuingia."

Fundi alicheka, kisha machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Alikuwa anaogopa, na akamwambia hivyo.

"Nenda kaangalie nyumba," mkewe akasema. "Mimi sijambo sasa."

Fundi alivua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akaushika mkono wa mkewe.

"Siendi. Nyumba nimemwachia Mungu."

"Na wakituibia?"

Fundi alifikiri kidogo. "Basi atajua Yeye tutalala wapi."