Nusu ya Dari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama uani pa ghala moja huko Matrah, jirani na Maskati. Boriti arubaini zimelazwa juani mbele yangu, safi kama sahani, na hata moja haina nambari.

Zilitoka katika dari ya jumba la Maskati ya zamani, ambalo wazee wakisema msingi wake uliwekwa zama za Wareno. Lilikuwa na ghorofa mbili, ua katikati, na sebule ya juu ambayo kila boriti yake ilichorwa maua na nyota. Jumba lilibomolewa kupisha barabara. Mimi, kijana niliyetoka Unguja karibuni, nilipewa kazi ya kulipima na kuiokoa dari. Nilipima mpaka vizingiti. Picha nilizoipiga dari zilitoka giza tupu, lakini sikujali. Kila boriti niliitia nambari ya mahali pake kwa chaki.

Kisha tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kuziona. Nikawaamuru vibarua waoshe vumbi. Wakaosha vizuri sana, na chaki ikaenda na maji.

Nikamwendea Bi Zuwena, mjane aliyezaliwa katika jumba lile.

"Kwa chaki!" Alicheka mpaka akafuta machozi. "We mtoto, nyumba ya karne na karne unaiandika kama bei ya samaki?"

Hata hivyo alikuja, akapita kati ya boriti na bakora yake.

"Utotoni tukilala sebuleni mle. Hii ya nyota mbili ilikuwa juu ya kichwa changu. Nilipougua surua nililala chali siku nyingi, sina kazi ila kuzihisabu. Inayofuata ina doa la moshi wa taa. Weka hapo. Hapo, baba, si huko!"

Kufika adhuhuri nusu ya dari ilikuwa imepangika. Akasita.

"Na zilobakia, Bibi?"

"Hizo za upande wa Thuwaiba, dada'angu. Kitanda chake kilikuwa kule."

"Basi nimwendee sasa hivi."

Akanitazama. "Tumemzika mfungo mosi, mwezi ule wa Idi, baba. Ulipokuwa ukipima alikwita kahawa mara mbili. Ya kwanza ukasema una kazi. Ya pili hukujibu. Wala hakukasirika. Alisema tu, kijana huyu anaijua nyumba kwa futi."

Ni kweli aliniita. Nilidhani ni porojo za bibi vizee, nami nna daftari la kujaza. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema waliotutangulia, nami niliuacha.

Leo nusu ya dari ile imo katika ukumbi mmoja wa Qurum, mtaa wa Maskati. Nusu ya pili ni chokaa nyeupe. Boriti zake zimefungwa vitambaa stoo, kwani sikukubali zipangwe kwa kubahatisha. Wageni wakiuliza, mlinzi huwaambia rangi haikutosha. Mimi huwaambia kisa chenyewe.

Basi mwanangu, ukipewa cha watu ukihifadhi, kabla hujafungua futi kubali finjani ya kahawa. Kaa chini, sikiliza hata yasiyokuhusu. Mzee akikwita, nenda siku ile ile. Na utakachoambiwa, kiandike kwa wino.

Mwenyezi Mungu akujaalie masikio mapana kuliko daftari lako, na akukutanishe na wajuao wangali hai. Amin.