Karatasi ya majibu ya choo cha mama

Kwa siku nne nimekuwa nikimwambia mama yangu kwamba haumwi.

Nilimtoa kijijini Kishanda akiharisha, amekonda, nikamleta kwangu hapa mjini, Kashai. Choo kikapimwa kituo cha afya. Majibu: vimelea havikuonekana.

Nilikuwa nimechoka, jamani. Nikamwambia, "Mama, huna kitu. Ni mawazo tu."

Hakulalamika tena. Alikuwa anakwenda chooni na kurudi kulala.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa sakafuni, kaegemea ukuta.

"Usihangaike, mwanangu," akasema. "Najua sina kitu, ila miguu imekataa."

Nikaita bodaboda, tukarudi kituo cha afya. Dada wa maabara akaisoma ile karatasi, akaniuliza taratibu, "Hukuambiwa umrudishe?"

Sikuambiwa. Au niliambiwa, sikusikia.

"Hapa wameandika havikuonekana," akasema. "Siyo kwamba havipo. Havitoki kila siku, ndiyo maana tunapima choo cha siku tatu tofauti."

Choo cha leo kimeonyesha giardia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha. Dawa zipo.

Sasa mama amelala na dripu mkononi. Mimi nimekaa pembeni, natafuta namna ya kumwomba msamaha akiamka.

Nyie mngeanzaje?