Aliyekula Mlangoni Kwangu

Haya ninayoyaandika yalitokea. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na wala haukuwa usiku. Alipokuja mara ya kwanza ulikuwa mchana, mama yuko shambani anavuna maharage. Ukisadiki, vizuri. Usiposadiki, njoo kwetu nikuonyeshe chumba.

Kijiji chetu kiko juu ya Karatu, upande wa msitu wa Ngorongoro. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa kutwa nzima, mpaka unasikia mtu anakohoa uani na humwoni. Baridi yake ni kali. Mtu akifungua mdomo, mvuke unamtoka kama sufuria iliyo jikoni. Naomba ukumbuke hilo la mvuke.

Baba alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa Kreta, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alijenga nyumba ya tofali na bati, na mimi akanipa chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje. Wenzangu walinionea wivu. Waliobaki nyumbani walikuwa mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu Vero wa darasa la tatu, na mimi.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Wengi hawakuchaguliwa. Wenzangu walicheka, wakaenda kuchunga au kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Lakini mimi tangu mdogo nina aibu. Nikiulizwa jambo mbele ya watu maneno yananikwama na masikio yanawaka moto. Nikaona nafuu kukaa chumbani. Mwanzo ilikuwa jioni tu, baadaye na asubuhi pia. Mafuta ya taa yalikuwa adimu miaka ile, hivyo nilikaa gizani, nimelala chali, naangalia bati. Utauliza, nilikuwa nafanya nini? Hakuna. Niamini, mtu anaweza asifanye kitu kutwa nzima na bado jioni akachoka.

Vijana wakipita njiani walipiga kelele, "Wewe mwali! Unatolewa lini tuje kucheza ngoma?" Mimi nilijifunika shuka kichwani.

Kwetu tunakula sahani moja, watu wote. Hilo nalo likaanza kunishinda, maana ukila na watu wanakuuliza maswali. Nikamwambia Vero aniwekee changu kwenye sahani ya peke yake, akiache kizingitini, asinigongee. Akawa anaweka na kusema polepole, "Kaka, chakula," halafu anakimbia.

Bibi alipoiona ile sahani alikasirika. Nilimsikia kupitia ukutani.

"Nani amekufa hapa?" alimwuliza mama.

"Mama, hakuna aliyekufa. Mtoto ana aibu tu, itamtoka."

"Anayewekewa chakula mlangoni, chombo chake peke yake, ni mtu wa metimani. Wanaopita wanaona nini? Wanaona sahani."

Asiye Mwiraqw nimweleze metimani. Kwetu tangu zamani, nyumba ikipata msiba mzito, aliyefiwa anatengwa kwa muda. Haingii nyumba za watu. Hachoti maji pale wanapochota wengine, anateremka bwawa la chini. Hali chombo kimoja na mtu, labda awe mwenzake aliyetengwa kama yeye. Siku zake zikiisha ananyolewa nywele anarudi kwa watu. Katekista alikuwa anasema hayo ni mambo ya kale, na mama ni mtu wa kanisa, kwa hiyo bibi hakusikilizwa. Hata mimi nilicheka chini ya shuka.

Sasa sikiliza. Siku moja ya ukungu nilikula nusu, nikarudisha sahani kizingitini na kufunga mlango. Baada ya kitambo nikasikia sahani inakwaruzwa kwa kidole. Nikadhani ni mbwa.

"Umebakiza," sauti ikasema. "Nimalizie?"

Ilikuwa sauti ya kijana wa rika langu, ile inayokatika katikati. Hakupiga hodi. Mlango wangu una ufa, nikachungulia. Alikuwa amekaa kanipa mgongo, kaptura ya kaki, shati jepesi, hana sweta. Mkononi ana nusu ya kibuyu, anamiminia humo ugali wangu na mboga.

"Malizia," nikasema.

Akala. Halafu akasema, "Mama yako akipita hapa ananyata kama mwizi wa kuku."

Nilicheka. Sijui ilikuwa mara ya kwanza tangu lini. Ni kweli mama alikuwa ananyata, akidhani nimelala. Na huyu mtu hakuniambia nitoke, hakuniuliza habari za shule. Tulizungumza ukuta kati yetu, na maneno hayakunikwama hata kidogo. Nilimwuliza anakaa wapi. Akasema, "Nachota maji bwawa la chini. Peke yangu." Nikajua ni mtu mwenye msiba, nikamwonea huruma.

Akawa anakuja kila siku ya ukungu. Nikaanza kubakiza makusudi. Ukweli ni kwamba nilimngoja. Ungekuwa mimi usingengoja? Nilikuwa na rafiki ambaye sikulazimika kumtazama usoni.

Kisha siku moja akauliza, "Kwenu amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

 Nikasikia kidole kinazunguka sahani, kinazunguka, na hamna kitu tena ndani.

"Hajafa mtu," akarudia. "Na unakula mlangoni. Na umekula na mimi." Halafu kwa upole kabisa, "Basi bado. Nani anakuletea chakula?"

"Mdogo wangu. Vero."

"Vero," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Akaondoka.

Kesho yake asubuhi sikusikia "Kaka, chakula." Ilikuja sahani na miguu ya mama. Vero alikuwa na homa. Jioni nikasikia mama analia na bibi anaita jina la Vero, analiita tu, bila kuitikiwa. Zahanati waliwapa vidonge vya malaria, lakini mtoto aliendelea kuwaka moto. Na mimi? Nilikuwa nimekaa kitandani. Mlango ulikuwa hatua mbili, miguu ikakataa. Ukikaa chumbani miezi, uani panakuwa mbali kama Arusha.

Siku iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, hata mti wa uani haukuonekana. Akaja.

"Leo kaleta mama," akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha, furaha ya mtu mwema anayemtakia mwenzake heri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. "Subiri tu humo ndani. Akishaondoka yule mdogo utakuwa mtu kamili wa kutengwa, hakuna atakayekusumbua tena. Nimekuletea chako."

Nikachungulia kwenye ufa. Safari hii alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa kijana mwenye aibu, anakwepesha macho. Ameshika nusu mbili za kibuyu, moja kuukuu, nyingine mpya. Alikuwa anasema nami pua yake karibu iguse mbao, katika baridi ile, na mdomoni hamtoki mvuke. Hata kidogo. Mimi ndani pumzi yangu ilikuwa inaonekana. Yake haikuwepo.

Sikuwa shujaa, nisikudanganye. Nilifungua mlango kwa sababu kwa mbali bibi aliita tena, "Vero!" na sauti yake ikakatika. Nikainua komeo nikavuta.

Nilidhani atanikamata. Hakunigusa. Alisogea pembeni, akanipisha kwa heshima kama anavyopishwa mtu mzima njiani. Mimi nikatoka, yeye akaingia. Niligeuka nikamwona anakaa kitandani pangu, anapapasa shuka, anaangalia bati. Mlango ukafungwa. Komeo likaanguka kwa ndani.

Nilikimbia nikaingia jikoni. Bibi alikuwa amempakata Vero karibu na moto.  Pembeni palikuwa na sahani ya uji ambayo Vero alishindwa kuinywa. Nikamwambia, maneno yakinikwama, kwamba kuna mtu amekula nami. Bibi akasema, "Kula hicho. Kula na mdogo wako, chombo kimoja, sasa hivi." Nikanywa fundo, nikamtilia Vero mdomoni fundo, nikanywa, nikamtilia. Mwingi ulimwagika kifuani. Bibi akachukua wembe akaninyoa palepale, bila maji, damu ikanichuruzika masikioni. Mama mtu wa kanisa alishika taa ya kibatari akamwangazia.

Homa ya Vero ilishuka alfajiri.

Baba alipokuja mwisho wa mwezi alivunja mlango, maana komeo lilikuwa bado limeshuka kwa ndani, na chumba kile hakina dirisha. Hakukuta mtu. Shuka limetandikwa vizuri. Sahani yangu iko juu ya mto, safi kama imelambwa, na kando yake ile nusu mpya ya kibuyu. Bibi aliichoma. Alisema bwawa la chini halijachotwa maji tangu yeye ni msichana. Baba alirudisha mlango akaupigilia misumari.

Ungependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Vero sasa ni mkubwa, alimaliza darasa la saba mwaka jana. Hakuchaguliwa. Tangu ile homa amekuwa mtu wa maneno machache, na sahani ikikaribia kuisha anasukuma tonge moja pembeni, analiacha. Hajui kwa nini. Wiki iliyopita alimwambia mama, "Kile chumba cha kaka kimekaa bure. Si mnipe mimi?" Na juzi, siku ya ukungu, nilimkuta amesimama mbele ya ule mlango wa misumari, mkononi ana sahani yake.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wenye vijana ndani ya nyumba. Kijana akiomba chakula kiachwe mlangoni, usimwachie. Usinyate. Ingia, keti kitandani kwake, kuleni pamoja hata kama hamna la kusema. Na wewe uliyejifungia ukisoma haya, akija mtu asiyekuambia utoke, tazama mdomo wake.

Mimi kila mlo nakaa karibu na Vero, sahani moja. Mimi niliyekuwa nashindwa kuitikia salamu, sasa naongea. Naongea habari za ng'ombe, za mvua, za mwizi wa kuku, chochote, naongea hivyo hivyo huku masikio yanawaka moto, mpaka lile tonge la mwisho analimeza.