Ploti Yangu, Mnazi wa Wenyewe

Nilipokwenda ofisi ya ardhi Kilifi kuulizia ile ploti ya Kibarani, nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mwambao. Hati safi, haina rehani, haina kesi, na muuzaji ndiye mwenyewe hasa. Nikanunua. Nilikuwa mjamzito, nikataka chumba kimoja tu kiishe upesi, mama aje kutoka Malindi anilee nikijifungua. Mtoto wa kwanza, na kusema kweli nilikuwa naogopa.

Siku fundi alipokuja kupima msingi, tukamkuta mwanamume juu ya mnazi wangu, ule uliosimama penye kona ya chumba, anaangua nazi, na bibi mmoja chini anazikusanya kikapuni.

"We! Mwizi we! Shuka!" nikafoka, tumbo mbele.

Bibi hata hakushtuka. Alinitazama tu, nikajikuta nasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiwe uliyenunua mchanga?"

Mchanga! Nikampigia simu muuzaji palepale. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, mimi nimekuuzia ardhi. Mnazi si wangu, hata mimi niliukuta." Nikamtafuta aliyemuuzia yeye, huko Jilore, naye wimbo uleule. Majirani ndio walionieleza: bibi alipozaliwa, baba yake alimpandia mnazi ule. Shamba likauzwa, likauzwa tena, mnazi haukuuzwa. Hatini haumo, lakini hapa hakuna atakayeugusa bila idhini yake. Fundi wangu mwenyewe alikwisha kukunja kamba yake.

Nikamwomba bibi aniuzie. Akakataa. Basi nikalia, na wala si kwa hila, nikamwambia chumba kile ni cha mama.

"Sasa walia nini? Si mkipinde kidogo?" Akaokota kijiti, akachora mchangani. Fundi akakuna kichwa, akakubali.

Chumba kikatoka na kona iliyomegwa kama mkate. Mama alipofika alikizunguka chote. "Ebo! Na hiki nacho nani alikuchorea?" Lakini alikaa. Alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, na alasiri akipiga soga na bibi chini ya mnazi. Woga ukaniisha.

Mtoto alipotoka arubaini, bibi alimchukua mikononi mbele ya majirani, akaugusisha mkono wake mdogo kwenye shina.

"Mimi nimekula vya kutosha," akasema. "Huu sasa ni wake."

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Juzi joto lilinizidi, nikamwita mkwezi aniangulie dafu. Hakunitazama mimi. Alimwinamia binti yangu, ambaye bado havai viatu sawasawa.

"Mwenye mnazi, nipande?"

Binti yangu akafikiri, kidole mdomoni. "Hapana."

Mkwezi akachukua kamba yake akaenda zake. Kutoka kwenye chumba chenye kona nikamsikia mama, aliyekuja kwa arubaini akasahau kurudi, anacheka mpaka kitanda kinalia. Nikaenda kunywa maji.