Salamu za Ayeeyo

Juzi mama alinitumia maziwa ya ngamia hapa shuleni, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilipokifungua, wenzangu wa bwenini wakaziba pua. Mimi nikanusa tena. Harufu ile ya moshi na uchachu hunirudisha kwenye asubuhi moja kule kwetu, upande wa Kotile, wakati wa vita vya shifta, nilipokuwa mdogo hata meno ya mbele hayajang'oka. Sijawahi kumsimulia mtu. Mdomo wangu mzito, wanaonijua wanajua. Basi naandika, nanyi msinitazame usoni.

Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa na sifa kijijini: ndiye mwanamke pekee aliyejua Kiswahili. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Alikiokota kwa Wapokomo, kila alipovushwa mto Tana kwa mtumbwi kwenda kubadilishana samli kwa mahindi na ndizi. Alizipenda salamu zao kwa kuwa ni ndefu kama zetu, akazibeba zote: ya asubuhi, ya jioni, ya watoto, ya shamba, ya mvua. Salamu zikiisha, biashara yenyewe aliifanya kwa vidole. Kiswahili chake kilikuwa mlango mzuri wa nyumba isiyojengwa, lakini nani kati yetu angejua?

Aliyethubutu kumtania ni mwanawe wa mwisho, Adeer Hassan, ndugu mdogo wa baba. Kijana mrefu, mcheshi, mwenye kushinda malishoni na ngamia wetu. Akirudi, hunipandisha mabegani nione mbali.

"Hooyo," alimwambia mama yake, "mdomo uliofungwa ni dhahabu. Dhahabu yako wewe umeimaliza yote kwa Wapokomo."

Ayeeyo akamtupia kandambili. "Nyamaza! Wewe wa kuongea na ngamia utajua nini?"

Asubuhi ile Adeer alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka malishoni. Vumbi la safari lilikuwa bado miguuni. Baba alikuwa Garissa, amepeleka ng'ombe sokoni. Tukasikia lori. Askari wakatutoa wote nje, wanawake na watoto upande huu, wanaume upande ule wakikatazwa kufungua mdomo, na kila mwanamume alitakiwa kuwa na mtu wa kusema ni wa hapa. Asiye na wa kumsemea alihesabiwa shifta, mwasi wa porini. Adeer, kwa vumbi lake, akatengwa peke yake karibu na gurudumu la lori.

Mkubwa wao, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, akaja hadi kwetu.

"Mama, hujambo?"

Mngemwona Ayeeyo! Alisimama, akatengeneza shuka yake. "Sijambo sana, baba! Habari za asubuhi? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na shamba je?"

Askari wakaangua kicheko. "Koplo, huyu mama anakushinda Kiswahili!"

Koplo naye akatabasamu, akamrudishia salamu kwa lugha yetu: "Nabad, nabad," yaani amani.

Basi Ayeeyo akaona amempata mtu anayesikia Kisomali. Akamletea maziwa, kwa sababu kwetu habari hazisemwi kabla mgeni hajanywa. Koplo alipokuwa akinywa, Ayeeyo akamweleza yote kwa Kisomali: kwamba yule kijana ni kitindamimba wake, amezaliwa mwaka wa mvua kubwa, baba yake fulani, babu yake fulani, mpaka babu wa mababu, kwamba amekuja kunywesha ngamia tu, wallahi. Koplo alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kwa adabu. Ayeeyo akatugeukia na uso unaong'aa. Ameelewa, akatuambia. Mambo yamekwisha.

Koplo akafuta mdomo. Akamnyooshea Adeer kidole, akauliza jambo.

"Salama," Ayeeyo akajibu.

Akauliza tena, polepole zaidi.

"Salama sana, baba. Salama."

Kwetu jibu la kwanza ni amani, hata kama maiti imelala ndani. Naye hakuwa na jibu jingine. Koplo alimtazama kwa muda, uso wake ukajifunga. Aliweka kikombe chini bila kukimaliza, akawapungia mkono wenzake. Adeer alipopandishwa garini alinitafuta kwa macho. "Yarey," aliniita, mdogo wangu, "usimruhusu ndama anyonye kabla ya kukamua." Kama mtu atakayerudi jioni. Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa shuka ya mama. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja, na hata ingekuja ingekuwa kwa lugha gani?

Hakurudi.

Lakini maneno ya Koplo yalibaki kwangu. Duksi, chuo chetu cha dini, ilikuwa imetufundisha kuhifadhi Kurani kwenye loho za mbao, sauti kwa sauti, maana itakuja baadaye Mungu akipenda. Nami niliyahifadhi ya Koplo vivyo hivyo.

Maana ilikuja nikiwa darasa la tatu. Ilikuwa siku ya kufunga shule, na mwalimu alisimama langoni akimwuliza mzazi mmoja, "Mama, huyu ni mtoto wako?" Yule mama akasema, "Ndiyo." Akamshika mwanawe mkono, wakaenda. Nikabaki nimeshikilia nguzo ya lango. Koplo alikuwa amesema: "Mama, huyu ni mtoto wako? Sema ndiyo tu, nimwache."

Alidhani mtu anayesalimu vizuri vile hawezi kukosa kuelewa. Alidhani anamkana mwanawe. Na Ayeeyo mpaka leo anadhani yule mtu alielewa kila neno, mpaka majina ya mababu, akanywa maziwa yake, kisha akamchukua mwanawe.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsuka nywele, zimekuwa nyeupe zote. Akaniuliza ghafla, "Wewe sasa umesoma Kiswahili. Yule askari aliniuliza nini?"

Mikono yangu ikasimama.

"Alikuwa akikusalimu, Ayeeyo."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

"Na mimi nilimjibu vizuri?"

"Ulimjibu vizuri sana," nikasema, nikaendelea kusuka.