Mwanzi wa Darasa la Sita

Mwalimu wa michezo alikuja nyumbani kwetu Temeke siku ya Jumapili, amevaa viatu vyeupe, na baba yangu akadhani amefuata akili zangu. Simlaumu. Baba alikuwa tarishi. Maisha yake yote alibeba barua za watu kutoka ofisi hii hadi ile bila kujua kilichoandikwa ndani. Mtu kama huyo akimwona mwalimu wa shule ya misheni amekaa kwenye mkeka wake, afikirie nini kingine? Mpira kwake haukuwa kitu. Mimi ndiye niliyejua. Mwalimu yule nilimwona siku mbili mfululizo kando ya uwanja wetu wa vumbi, mikono nyuma, akiutazama mguu wangu wa kushoto.

"Mzee, huyu kijana nimempenda," mwalimu alisema. "Karo tutamsamehe, na bweni atapata."

"Atasoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nane, mzee. Akishinda mtihani wa la nane, ofisi yoyote mjini itamchukua."

"Awe karani?"

"Karani, mwalimu, atakavyo mwenyewe."

Baba alinigeukia akanitazama kwa muda mrefu, kama vile ananiona kwa mara ya kwanza. Hakuuliza kwa nini katika watoto wote wa mtaa nimechaguliwa mimi.

Sisi ni Waislamu, watu wa kusini, na miaka ile ya Mwingereza kumpeleka mtoto kwa mapadri halikuwa jambo dogo. Wazee wa msikitini walimwambia baba waziwazi kwamba nitabatizwa. Mmoja wao, aliyekuwa akinywa naye kahawa kila jioni, aliacha hata kuitikia salamu yake. Baba alikuwa mpole, hakupenda ugomvi, lakini katika hilo hakurudi nyuma. "Mie nimebeba barua mpaka nywele zimeota mvi," alimwambia mama, "na hata moja sijui inasema nini. Huyu atazisoma." Mama alinishonea mfuko wa nguo kwa kitambaa cha godoro la zamani, na Jumatatu nikaondoka.

Shule ilikuwa vilimani, ukishaipita Gongo la Mboto, na ilijivunia mambo mawili. La kwanza ni ubao uliotundikwa kwenye baraza ya ofisi, wenye majina ya walioshinda mtihani wa darasa la nane, yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Sifa zake zilifika mpaka mjini. Watu walisema shule ile hakuna anayeshindwa, na walisema kweli, maana yeyote aliyeonekana anaweza kushindwa alirudishwa kwao kabla majina hayajapelekwa serikalini. La pili lilikuwa kombe la mpira la wadogo. Ubao uliletwa na watoto wa makarani na waalimu. Kombe tulilileta sisi, tuliookotwa viwanjani.

Enzi hizo nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Kwa hiyo wadogo walijulikana kwa kipimo: nguzo mbili zimesimamishwa, na mwanzi umelazwa juu yake. Ukipita chini bila kuugusa, na uwe hujavuka darasa la sita, unacheza. Ukiugonga kwa kichwa, wewe mkubwa, kaa pembeni.

Nilipofika la sita tulichukua kombe. Nilifunga magoli mawili siku ya mwisho, na padri mkuu, Mzungu mkavu asiyejua kucheka, akanipa mkono mbele ya shule nzima. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa nne darasani. Majina ya wanaopanda la saba yaliposomwa, langu halikuwamo. Mwalimu wa michezo aliniita akaniambia Kiingereza changu bado hakijakaa sawa, nirudie mwaka mmoja tu ili nipate msingi. Aliyekuwa wa tano akapanda. Aliyekuwa wa ishirini akapanda. Mimi nikabaki kupata msingi.

Baba alipelekewa barua, akasomewa na karani mmoja pale ofisini kwake. Nilipokwenda likizo nilimkuta na furaha. "Wanakujenga," aliniambia. Nilitaka kumwambia ukweli, ila sikujua ningeanzia wapi.

Msimu wa mpira ulipoanza tena, tulipangwa foleni asubuhi mbele ya mwanzi. Wenzangu wawili walikuwa wamerefuka. Waliugonga, na papo hapo wakaambiwa kimyakimya wahamie la saba, maana la sita hawakuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Kumbe ndivyo mambo yalivyokuwa! Kila aliyekuwa kwenye foleni alielewa, na mimi nikiwa wa kwanza kuelewa. Nami nilikuwa nimerefuka. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama wima, nigonge paji la uso, niende zangu la saba, kisha la nane, kisha mtihani.

Nilikunja magoti.

Kaptula zetu za kaki zilikuwa pana, zinafika magotini, na mtu asiyetafuta hakuona kitu. Mwalimu wa michezo alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na nguzo. Yeye aliona. Aliyatazama magoti yangu, akalitazama daftari lake, akaandika.

"Umepita," alisema.

Ningeweza kusema nilifanya vile kwa sababu ya njaa. Meza ya timu ilikuwa na wali na nyama, wengine wakila ugali na maharage yenye wadudu. Lakini huo ungekuwa uongo. Nilifanya kwa ajili ya kelele za watu. Walikuwa wakitoka Temeke kwa miguu kuja kuniona, wakinipa jina la utani na kuliimba nikigusa mpira. Darasa la saba ningekuwa nani? Kichwa kimoja tu kati ya vichwa. Nilikuwa mtoto, ndiyo, ila nilijua ninachokifanya, na kujua huko ndiko kunakonitafuna hadi leo.

Mwaka ule tulichukua kombe tena. Nikawa wa kwanza darasani, jambo ambalo si ajabu kwa mtu anayesoma vitabu vilevile mara ya pili. Sikupandishwa.

Mwaka wa tatu nilitoka likizo miguu imerefuka ghafla, na hata ningepiga magoti kama anayesali, mwanzi ungenipata. Niliugonga mbele ya watu wote. Nikacheka, nikijua sasa nitapelekwa la saba kama wale wenzangu. Kesho yake niliitwa ofisini. Mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja, na padri mkuu alisema jitu zima kama mimi likikutwa la sita litaichafulia shule jina. Umri wangu umepita, hata kwa la saba. Nilipewa barua na mfuko wangu wa nguo siku hiyohiyo.

Baba alisomewa barua ile. Asubuhi alivaa kanzu yake ya sikukuu na koti, tukatembea wote mpaka shuleni, mimi na mfuko wangu begani. Padri mkuu hakutoka. Alimtuma mwalimu wa michezo aje azungumze nasi barazani, chini ya ule ubao wa dhahabu. Baba alimwona anakuja, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

Yule kijana, ambaye baba angeweza kumzaa, alitazama pembeni.

"Marahaba," alijibu.

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliomba. Alisema yuko tayari nikae hata chini, bila dawati. Alisema nimekuwa wa kwanza, mwalimu mwenyewe anajua. Mwalimu alisema sheria ni sheria, mzee. Tulirudi, na tulipofika mtaani wazee walikuwa wamekaa kwenye kahawa. Waliniona na mfuko wangu.

Nikawa kuli bandarini. Nimebeba magunia, makreti, kila kilichoandikwa na kisichoandikwa. Kusoma ninajua, ndiyo, ninasoma majina ya miji kwenye masanduku.

Baba aliugua miaka michache baadaye, akakonda akabaki mifupa. Alasiri moja, mama akiwa uani, aliniita nikae karibu na kitanda.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Watu waliniambia, nikajifanya sisikii. Mie ndiye niliyekupeleka kule wakakuharibia maisha."

Maneno yalikuwa mdomoni. Baba, nilikunja magoti. Ningeyasema, angekufa akijua kwamba hakukosea, kwamba mlango alinifungulia yeye na nikaufunga mwenyewe. Nilimtazama, nikaona aibu kuliko siku zote nilizopata kuishi, na aibu ile ikanishinda nguvu.

"Nimekusamehe, baba," nilimwambia.

Akanishika mkono, akanishukuru.